Diski Inakula: Sifuri Niliyoitoa Karakana

Nenda kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, simama pembeni, sikiliza. Mama anayejenga vyumba viwili pembezoni mwa mji anamwambia muuzaji, "Hilo la geji 32 sitaki, nitajie la 28." Anatajiwa bei, anavuta pumzi, anahamia kwenye 30. Hakuna aliyemfundisha darasani kwamba namba ya geji ikipanda, unene wa bati unashuka, jambo ambalo ukilitazama harakaharaka linakwenda kinyume na akili. Analijua kwa sababu bati amelishika, amelilipia, na amemsikia jirani akilalamika kwamba paa limeanza kuvuja. Geji ni neno la Kiingereza. Liliingia pamoja na mabati, likapata irabu ya mwisho, likawa letu. Halijawahi kumzuia mtu kujenga nyumba.

Leo nataka kuandika juu ya maneno mengine ya chuma ambayo hayajapata bahati hiyo, na juu ya kijana mmoja niliyempa sifuri kwa sababu yake.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, masomo yangu ni hisabati na fizikia. Mwaka jana nilikwenda TP kwenye shule ya sekondari yenye mkondo wa amali. Kwa wenzangu wa vitivo vingine: Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka njia mbili sekondari, ya jumla na ya amali. Ukiwa amali unasoma masomo kama sisi tulivyosoma, na juu yake unajifunza kazi ya mikono. Pale nilipopangiwa, kazi hiyo ilikuwa uchomeleaji na uundaji wa vyuma.

Mwalimu wa karakana pale ni mtu mzima, fundi hasa. Anakugongea bomba kwa nyundo, anasikiliza mlio, anakwambia kama ndani limeshaliwa na kutu. Wiki ya pili alinifuata staff room akaniambia, "Madam, wewe umetoka chuo na Kiingereza kipo. Nataka hawa watoto wawe na picha ya mashine za CNC kabla hawajaenda mtaani. Mtaala hautudai hivyo kwa kidato chao, ila huko nje mageti yote ya maua maua sasa yanakatwa na kompyuta. Nisaidie yale maneno."

Nikakubali kwa furaha. Yale maneno! Hicho ndicho tulichokuja kufanya duniani sisi watu wa ualimu, si ndiyo? Shule haikuwa na mashine, ilikuwa na kompyuta mpakato moja, projekta ya kuazima, na programu ya bure ya kuchora na kukata. Usiku ule nilikaa na simu nikatengeneza desa la kurasa mbili. Asubuhi nikaandika ubaoni fasili kwa Kiingereza safi kabisa. Ya kwanza ilikuwa ya neno linaloandikwa kerf, ambalo darasa zima tulilitamka kafu. Fasili ilisema, kwa maana yake, kwamba kafu ni upana wa malighafi inayoondolewa na mchakato wa ukataji. Wakanakili. Nikauliza, wakaitikia kwa pamoja kama kwaya. Nikatoka nikiwa nimeridhika.

Ijumaa nikatoa jaribio. Swali la kwanza lilihitaji fasili ya kafu, alama mbili. Dawati la nyuma kuna kijana ambaye sitamtaja. Baba yake ana kibanda cha kutengeneza mageti na madirisha ya nondo, na yeye amekulia kwenye cheche. Aliacha swali wazi, hakuandika hata herufi moja. Nikampa sifuri kwa kalamu nyekundu. Binti wa dawati la mbele aliandika fasili yangu neno kwa neno, hadi nukta. Alama mbili kwa mbili.

Jumatatu tukaenda karakana. Kazi ilikuwa kukata flatibaa ya mita 6 ipatikane vipande vya milimita 200. Binti wa mbele akapiga hesabu ubaoni: 6,000 gawanya kwa 200, vipande 30. Hesabu imenyooka, na mimi mwalimu wa hisabati nikaitikia kwa kichwa. Akapima flatibaa yote kwa pamoja, akaweka alama za chaki kila baada ya milimita 200, grenda ikaanza kupiga kelele. Alikuwa anakata juu ya alama. Diski yao ilikuwa ya milimita 3. Kipande cha kwanza kilipopimwa kikawa pungufu kwa milimita moja na nusu, na vilivyofuata vikapungua milimita 3 kila kimoja, kwa sababu vililiwa pande zote mbili.

Yule kijana wa nyuma alikuwa kwenye kundi la pili. Alipima 200, akapiga chaki, akasogeza grenda upande wa nje wa mstari, akakata, kisha akapima upya kuanzia kwenye ncha mpya. Nikamuuliza kwa nini hapimi mara moja kama wenzake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu kabla ya kufunga kamba.

"Madam, diski inakula."

Mwishoni alipata vipande 29 na kibaki. Tukapiga hesabu pamoja: vipande 29 ni milimita 5,800, mikato 29 ya milimita 3 ni 87, jumla 5,887. Kibaki ni milimita 113, hakitoshi kipande cha thelathini. Yeye hakushtuka hata kidogo. Kabla hajaanza alikuwa ameshamwambia mwenzake kwamba cha thelathini hakitoki.

Nilisimama pale na daftari langu la alama kwapani nikihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi hata siku ya prezentesheni ya mwaka wa kwanza. Yule niliyempa alama mbili hakuijua kafu. Yule niliyempa sifuri ndiye aliyekuwa anaijua, na alikuwa anaijua tangu kabla mimi sijaisikia.

Hoja yangu ni kwamba sisi tunaosomea ualimu tumezoea kudhani kwamba kujua jina la Kiingereza la kitu ndiko kukijua kitu. Tunapima jina, tunadhani tumepima ujuzi. Mahali ambapo kosa hili linauma zaidi ni kwenye masomo ya amali, kwa sababu kule kitu chenyewe kipo mezani, kinashikika, na chuma hakidanganywi na fasili.

Hebu tuyaangalie maneno yenyewe, maana ukiyatoa vumbi si magumu kama yanavyoonekana.

Tukianza na hiyo hiyo kafu. Neno hilo halikuzaliwa maabara. Ni neno la Kiingereza cha kale sana, lina undugu na kitenzi cha kuchonga na kukata, na kwa karne nyingi limekuwa mdomoni mwa watu wa misumeno, wapasua mbao kama wetu. Waingereza hawakuajiri kamati wala kutafuta neno la Kilatini. Walichukua neno la fundi wakaliingiza kwenye kompyuta. Sasa fundi wetu anasema diski inakula, msumeno unakula, moto unakula. Ana kitenzi, ana mantiki yote. Kilichobaki ni mwalimu kuunganisha: ile inayoliwa na diski, kwenye kioo inaandikwa hivi.

Na ukiunganisha hivyo, mlango wa pili unafunguka wenyewe. Kwenye mashine ya plasma, moto ukipita katikati kabisa ya mstari uliochora, unakula kila upande nusu. Tuseme moto unakula milimita 2. Kipande cha milimita 200 kitatoka 198, kwa kuwa kimeliwa milimita moja huku na moja kule. Tundu la milimita 50 litakuwa 52. Kwa hiyo programu inasogeza njia ya moto kwa nusu ya ulaji: nje ya mstari ukiwa unataka kipande, ndani ya mstari ukiwa unataka tundu. Hiyo inaitwa ofuseti. Kwenye lugha ya mashine, zile herufi na namba zinazoitwa G-kodi, G41 inasogeza njia kushoto kwa mwelekeo wa safari, G42 kulia, na G40 inafuta msogeo. Ukimwambia mwanafunzi "G41 ni fidia ya kipenyo cha kikatio upande wa kushoto," atakariri. Ukimwambia "ni kile ulichofanya Jumatatu ulipoweka grenda nje ya chaki," atacheka. Akishacheka, ujue imeingia.

Kuna nestingi. Mimi kwenye desa langu nililitafsiri kiota, nikajiona mjanja. Kiota! Mwanafunzi mmoja akauliza kama mashine inatengeneza vya kufugia kuku. Kumbe jambo lenyewe kila fundi cherehani analijua: unatandika kitambaa mezani, unapanga mikono, kola na mfuko mpaka kibaki kipande kidogo iwezekanavyo cha kutupa. Kwenye chuma, kitambaa chako ni shiti ya nane kwa nne, yaani milimita 2,440 kwa 1,220, na vipande vyako ni maua ya geti. Pembetatu unaigeuza itazamane na mwenzake, duara unaliingiza kwenye pengo. Programu inakupangia, lakini kazi ni ile ile ya mama mshonaji. Wanafunzi walipoambiwa hivyo, binti wa dawati la mbele, yule yule wa alama mbili, alichora ubaoni mpangilio uliookoa nafasi kuliko wa programu yetu ya bure. Mama yake anashona. Naye alikuwa na ujuzi ambao jaribio langu halikuuona. Alama nilizompa zilikuwa za kumbukumbu tu.

Kuna piasi na lidi-ini. Moto wa plasma ukianza kutoboa chuma hautoi tundu zuri. Unarusha uji wa chuma na kuacha kidonda kipana kuliko mkato wenyewe. Ndiyo maana programu inaanza kutoboa pembeni, kwenye sehemu ya kutupwa, kisha inaingia taratibu kwenye mstari. Nilihangaika dakika kumi kueleza hili kwa Kiingereza. Mwalimu wa karakana akanikatiza kwa upole: "Mnakumbuka tunavyowashia stiki kwenye chuma chakavu kwanza, ndipo tunaingia kwenye kazi? Ndiyo hiyo." Basi.

Na kuna uchafu unaoganda chini ya mkato. Waingereza wana neno lao, mashine ina ukurasa mzima wa maelezo juu yake. Kiswahili kinalo neno tangu enzi za wahunzi: mavi ya chuma. Ndiyo, cheka, darasa lilicheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia. Lakini lipo kwenye kamusi, na lina historia. Kule Katuruka, mkoani Kagera, kuna mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, na moja ya vitu vinavyowaambia watafiti kwamba hapa palifuliwa chuma ni hayo hayo mavi yake. Sisi si wageni kwenye lugha ya chuma. Tuna fuawe, mivukuto, tupa, tindo, jiriwa. Tumekuwa wageni kwenye kioo cha kompyuta tu.

Baada ya kicheko, somo likashika. Ukikata polepole mno, mavi yanaganda manene chini lakini ukigonga yanabanduka. Ukikata haraka mno, yanabaki membamba, yameng'ang'ania, mpaka uyasage kwa grenda. Kwa hiyo ukitazama chini ya kipande unasoma mwendo wa mashine. Wiki mbili baadaye bado walikuwa wanalikumbuka. Fasili zangu za Kiingereza zilikuwa zimeshasahaulika kufikia Jumanne.

Sasa nije kwenye neno moja lililotaka kutuletea msiba. Jumamosi moja tuliwapeleka wanafunzi kwenye karakana ya mjini yenye meza ya plasma. Opereta alikuwa mkarimu, akamruhusu kijana mmoja asogee kwenye kioo. Kulikuwa na kitufe kilichoandikwa homu. Kijana ana simu janja kama sisi wote. Kwenye simu, homu maana yake rudi ukurasa wa mwanzo. Akabonyeza. Mkono wa mashine, ambao ulikuwa umetulia mwisho wa meza, ukaanza kukimbia kuelekea kona ya sifuri, na mwenzake alikuwa ameegemea pale pale, kiganja kimelala juu ya reli.

"Toa mkono!" opereta alipiga kelele. Aliutoa. Zilikuwa sekunde chache tu, na hakuna aliyeumia. Lakini mimi niliyekuwa nimewafundisha neno hilo kwa tafsiri ya "nyumbani", bila kusema kwamba ukilibonyeza chuma kinatembea, sikulala vizuri usiku ule. Mwalimu wa karakana alipowaeleza upya alisema, "Homu ni kurudisha mashine kwenye sifuri yake. Kabla hujabonyeza, angalia meza, piga kelele watu watoke." Maelezo yale yana kitendo, yana sababu na yana onyo. Yangu yalikuwa na neno moja la kamusi.

Najua wapo watakaonipinga, na wana hoja. Nilipolisimulia hili kwenye semina yetu, mwenzangu mmoja alisema: "Dada, programu hazitatafsiriwa kwa ajili yako. Mashine inatoka China au Marekani, kioo chake Kiingereza. Ukimfundisha mtoto kwa Kiswahili unamfungia kijijini." Mwingine akaongeza kwamba lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na mtihani wa taifa hautauliza "diski inakula".

Yote ni kweli. Ndiyo maana sisemi tufute Kiingereza. Anayekwenda kuendesha mashine ile lazima aisome kafu kwenye kioo na aandike namba sahihi mbele yake. Akiweka sifuri, kila tundu litakuwa kubwa na kila kipande kidogo. Lazima ajue kwamba G20 ni inchi na G21 ni milimita, maana mchoro wa inchi 10 ukisomwa kama milimita 10 anayedai geti atapewa kitufe cha shati. Ninachosema ni mpangilio. Kitu kwanza, neno lake la mtaani la pili, jina la kwenye kioo la tatu. Tunachofanya sasa ni kuanza na la tatu na kuishia hapo hapo. Na kuhusu kumfungia mtoto kijijini: yule wa dawati la nyuma, aliyeanza kuamini kwamba somo hili si lake kwa sababu ya swali la alama mbili, nani alikuwa anamfungia?

Upande wa pili wapo wapenzi wa Kiswahili wanaotaka kila neno lipate tafsiri sanifu kesho asubuhi. Nao nina neno nao. Kiota kimenifundisha adabu. Neno likitungwa mezani na mtu ambaye hajashika grenda, linabaki kwenye kitabu. Tunakumbuka mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na tunajua mtaani ni lipi linalosemwa. Lakini tazama kishikwambi. Wengi tulilicheka mwanzoni. Ikaja Sensa ya mwaka 2022, makarani wakazunguka nacho nyumba kwa nyumba, kisha vifaa vile vikagawiwa kwa walimu, na leo hakuna mwalimu anayehitaji kuelezwa kishikwambi ni nini. Neno lilifika mkononi pamoja na kitu. BAKITA lipo tangu mwaka 1967 na lina kazi ya kusanifisha, lakini haliwezi kusanifisha maneno ambayo hakuna aliyelipelekea. Maneno yapo vibandani na yanasemwa kila siku juu ya kelele za grenda. Hakuna anayeyaandika.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Kila mwaka chuo hiki kinatawanya wanafunzi wa ualimu nchi nzima kwa TP. Tunalalamikia hela ya kujikimu, tunalalamikia vyumba, na tuna haki. Lakini ni jeshi. Kila mmoja wetu anayepangiwa shule ya amali akirudi na maneno ishirini tu ya karakana, yenye maelezo ya kinachofanyika na lile la kwenye kioo linalolingana nalo, kwa miaka miwili tutakuwa na faharasa ambayo haijatungwa na mtu aliyekaa ofisini. Wenzetu wa uhandisi waipitie wasahihishe ufundi. Wenzetu wa Kiswahili waipitie wasahihishe lugha. Kisha ipelekwe kunakohusika. Haihitaji bajeti ya serikali ya wanafunzi zaidi ya daftari na nauli ambayo tayari tunapewa. Na kwa kuwa baadhi ya programu hizi ni huria, kama LinuxCNC na FreeCAD, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hakuna sheria inayotuzuia siku moja kuandika Kiswahili kwenye kioo chenyewe.

Pili, tubadilishe namna ya kuuliza. Swali la fasili ni rahisi kutunga na rahisi kusahihisha, ndiyo maana tunalipenda. Badala yake muulize mwanafunzi: una flatibaa ya mita 6 na diski ya milimita 3, nipatie vipande vya milimita 200, eleza kwa nini haviwi 30. Mwache aeleze, achore, aoneshe. Kisha muulize jina la kile kilicholiwa. Jina lipewe alama, sikatai, lakini lisiwe mlango pekee wa kuingilia.

Narudi kwa kijana wangu. Siku ya mwisho nilimwita chini ya mwembe nikamwonyesha karatasi yake. Nikamwambia kafu ni ile ile diski inayokula. Akaiangalia ile sifuri kwa muda.

"Kumbe ndiyo hiyo?" akasema. "Kwa hiyo Madam, nilikuwa naijua?"

"Ulikuwa unaijua kabla yangu."

Akatabasamu, akaikunja karatasi mara nne akaiweka mfukoni. Nikaenda ofisi ya taaluma kuomba nibadilishe alama. Nikaambiwa zimeshaingia kwenye mfumo, na mimi ni mwalimu wa mazoezi, nimechelewa. Hawakuwa wabaya, utaratibu ni utaratibu. Kwa hiyo ile sifuri ipo mpaka leo, kwenye rekodi ya mtoto anayekata chuma vizuri kuliko mwalimu aliyempa.

Wewe unayesubiri barua ya TP mwaka huu, ukifika na ukakuta karakana, usianzie ubaoni. Nenda kasimame karibu na grenda, vaa miwani, sikiliza wanasemaje. Jaribio utatunga ukishatoka huko.